Jikoni Rumonge, mwaka wa 72: tulivyowakalia walimu wa kolegi mpaka wakazoea kuambiwa "apana"

Amahoro wakuu.

Naitwa Mama Zaituni, niko na wajukuu wengi na simu moja. Leo nimekaa kuandika na kidole changu mwenyewe, herufi kwa herufi. Shule nilisoma kidogo tu, nikaachia pale pa kujua kusoma na kuandika. Lakini haya niliyaona na macho yangu. Mwenye kudhani bibi anapamba, aje Rumonge aulize.

Kilichonichokoza ni uzi wa kijana mmoja humu. Anasema walimu wa chuo kupelekwa semina na kuonyeshwa mashine mpya ni kupoteza wakati, eti mtu akisha kuwa na diploma amemaliza.

Niliusoma mara mbili. Nikaepua sombe, kisamvu changu, jikoni nije kumjibu.

Kijana, mimi nimeona mwalimu mwenye diploma akilia jikoni kwangu. Kaa nikuambie.

Nilikuwa mpishi wa kolegi moja hapa mwambaoni mwa ziwa. Jina lake naliacha. Uhuru ulipokuja, Wazungu waliokuwa wanafundisha walifunga masanduku wakaenda, mmoja mmoja. Wakaja walimu wetu, watu weusi kama sisi, na sisi wapishi tukapiga vigelegele. Kolegi ikaenda vizuri.

Halafu mwaka wa sabini na mbili.

Wenye kujua wanajua. Baba Zaituni alitoka asubuhi kwenda Bugarama kununua maharage. Hakurudi. Walimu wengi pia hawakurudi. Wengine walivuka ziwa, wengine hatukuambiwa kitu na mpaka leo hatuulizi kwa sauti. Hapo sitaandika zaidi, mnisamehe.

Mvua zilipoanza, kolegi ikafunguliwa tena. Wakaletwa walimu vijana kutoka milimani, ndevu hazijashika vizuri. Hawakuwa wamewahi kufundisha hata mbuzi. Na wanafunzi waliorudi walikuwa wamekaa kimya kama watu waliomo kwenye kilio.

Zaituni wangu alikuwa klasi ya mwisho. Alitaka kuwa mwalimu tangu ana meno ya maziwa. Alikuwa anawafundisha kuku.

Sasa sikieni kilichokuwa kinaniuma. Direkteri alituita wote, walimu na wafanyakazi, akasema inspekteri wa serikali atakuja kabla ya likizo. Akiona klasi ya mwisho haifundishwi sawasawa, ataifunga hapa, wanafunzi wapelekwe Bujumbura.

Bujumbura! Kwa barabara ile, mwaka ule, na vizuizi vile vya askari? Mtoto wa mtu aliyetoka kununua maharage? Nilijua moyoni, klasi ikifungwa, Zaituni atarudi nyumbani kukamua mawese na mimi. Na kukamua mawese si aibu, mikono yangu yenyewe ni ya mawese. Lakini si hicho alichotaka.

Nikasema klasi hii haitafungwa. Kwa nguvu gani? Sikujua. Nilisema tu.

Siku chache baadaye mwalimu Leonidasi akaingia jikoni. Huyu alikuwa anafundisha sayansi, kijana mrefu, shati lake moja linafuliwa kila jioni. Akaketi kwenye kigoda changu, akaanza kulia. Mwanaume mzima, na vitunguu nilikuwa sijavikata bado.

"Mama, mimi nafundisha. Nawauliza, mumeelewa? Wote wanasema ego. Nawapa mtihani, karatasi zinarudi nyeupe."

Kwa wageni: "ego" ni Kirundi, maana yake ndiyo. Lakini kwetu ego si ndiyo tu. Ego ni heshima. Mkubwa akisema, unajibu ego. Mwalimu akiuliza umeelewa, kumwambia apana ni kumwambia amefundisha vibaya, ni kama kumtemea mate. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi. Na mwaka ule, wakuu, watu walisema ego kwa kila kitu. Ego ilikuwa inakurudisha nyumbani salama.

Nikamwambia, "Nifundishe mimi hicho ulichowafundisha."

Akacheka na machozi yake. "Wewe, Mama? Ni somo la damu na moyo."

"Kwani mimi sina damu?"

Pale jikoni alikuwepo Mama Feza, ananiletea mawese kutoka Kizuka, na wenzake wawili wa kubeba bidoni, yale madumu ya mawese. Nikawakalisha chini wote. Leonidasi akachukua kaa la moto lililozimika, akachora moyo ukutani kwangu. Ukuta niliopaka chokaa mimi!

Akasema, akasema, akasema. Kiswahili kidogo, Kirundi kidogo, Kifaransa kikubwa. Akauliza, "Mumeelewa?"

"Ego, mwalimu!" Wanawake wote, kama kwaya.

Nikamgeukia Mama Feza. "Haya, rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Alichosema."

Mama Feza akatazama ukuta, akanitazama mimi. "Amesema moyo unasukuma damu. Wa Baba Feza hausukumi hata mlango."

Tulicheka mpaka sufuria ikaungua. Leonidasi hakucheka. Nilimwona anaelewa: ego ile ya jikoni ilikuwa ndiyo ego ya darasani kwake.

Basi nikaweka sheria. Jikoni kwangu, ego hairuhusiwi. Umeelewa, unarudisha kwa maneno yako. Hujaelewa, unasema apana, kwa sauti.

"Mimi nimwambie mwalimu apana?" Mama Feza akashika kichwa. "Mimi nani?"

"Wewe mwenye mawese. Sema."

Siku ya kwanza aliisema kwa kunong'ona, kama anaomba msamaha kaburini. Siku iliyofuata aliitoa nzima: "APANA, mwalimu, hapo sijaelewa kitu!"

Leonidasi akatupa lile kaa chini, akatoka. Alikasirika kweli. Unajua kusoma miaka yote ile, halafu muuza mawese anakupigia kelele mbele ya masufuria?

Nikamfuata mpaka kwenye bomba la maji, mwiko mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, akisema ego unalala vizuri na inspekteri anafunga klasi. Akisema apana unaumia kidogo na mutoto wangu anamaliza shule. Chagua. Lakini ukichagua kulala, usije kula kwangu."

Kesho yake alikuja. Njaa au akili, sijui, mimi sikuuliza.

Na siku hiyo ndiyo alipata yeye mwenyewe njia. Alikaa anawatazama wale wanawake wanavyokuja na bidoni zimejaa na kurudi na bidoni tupu kwenda kujaza tena. Akasimama ghafla. "Mama Feza, wewe ni damu! Zunguka!" Akawazungusha jiko zima, mimi nikiwa moyo, nimesimama katikati na mwiko, nawasukuma mgongoni. Wanakwenda na kilichojaa, wanagawa, wanarudi watupu, wanapita kwangu, wanaenda kujaza.

Akauliza. Mama Feza akarudisha yote, mpaka akaongeza kwamba sasa anajua kwa nini anachoka.

Wakuu, uso wa Leonidasi siku ile! Nimezaa watoto, lakini mwalimu kuzaliwa niliona mara hiyo.

Habari ikasambaa. Mwalimu wa hesabu akaja, eti anatafuta chai. Wa Kifaransa akaja, eti anatafuta mwenzake anayetafuta chai. Ikawa kila alasiri wanatufundisha sisi kwanza, halafu kesho yake darasani. Wakaanza kukaliana wenyewe kwa wenyewe, mmoja anafundisha, wengine wanasema apana. Waligombana! Wa hesabu na wa Kifaransa hawakusemeshana wiki nzima. Halafu wakarudi.

Direkteri ndiye alikuwa mgumu. "Kolegi si soko, Mama Zaituni."

"Sawa bwana direkteri. Na ile mashine ya picha iliyofungiwa ofisini kwako, ni ya soko gani?"

Iko hivi: Wazungu waliacha mashine moja ya kumulika picha ukutani. Ina taa na feni ndani. Walimu walikuwa wanaiogopa kama maiti, maana mwenye kuivunja angefukuzwa. Ikakaa tu inakula vumbi. Nilimsumbua direkteri kwa hiyo mashine mpaka akiniona kwa mbali anageuza njia. Mwishowe akatoa ufunguo.

Tukatundika shuka langu la harusi jikoni. Grupu, ile jenereta ya umeme, ikawashwa. Feni ikalia kama paka aliyekanyagwa. Leonidasi akasema, bila kugeuka, "Mama, nipe mafuta."

Rumonge ukisema mafuta, ni mawese. Hakuna mengine. Nikampa kijiko kizuri, yamepashwa moto.

Yeye mtu wa milimani alikuwa na maana ya mafuta ya mashine. Akayamimina bila kutazama.

Hee! Ndani ya muda mdogo jiko lote linanukia ndagala za kukaanga. Mwalimu wa Kifaransa akauliza chakula ni saa ngapi. Moshi ukatoka, Mama Feza akakimbia na bidoni zake. Waliifungua mashine, wakaifuta na mafuta ya taa jioni nzima, ikapona. Lakini angalia: baada ya siku ile hakuna mwalimu aliyeiogopa tena. Wote walikuwa wameshaona tumbo lake.

Kulikuwa na kazi moja imebaki. Wanafunzi.

Leonidasi aliingia klasi ya mwisho akatangaza, "Kuanzia leo, ego imekufa katika darasa langu. Mumeelewa?"

"Ego, mwalimu!"

Zaituni alinisimulia jioni, tukacheka, lakini mimi niliogopa. Wale watoto hawakuwa na heshima tu. Walikuwa na hofu. Mimi sikuweza kuwatolea hofu ile, hata yangu sikuitoa. Leonidasi alivumilia. Kila siku anauliza, kila siku anangoja. Wiki zikapita, mmoja akasema apana kwa sauti ndogo, na mwalimu akamshukuru. Murakoze, alimwambia, kama amepewa zawadi. Wengine wakamwona hakupigwa.

Inspekteri akafika. Gari la serikali, miwani, watu wawili nyuma yake. Niliwapikia samaki wa mukeke, halafu nikachukua ndoo na kitambaa, nikaenda kufuta dirisha la klasi ya mwisho. Dirisha lilikuwa safi. Nililifuta hivyo hivyo.

Leonidasi anafundisha. Mashine inamulika moyo mzuri mwekundu ukutani. Inspekteri ameweka kiti chake katikati, kati ya madawati. Somo likaisha kwa uzuri. Inspekteri mwenyewe akasimama, akauliza kwa ile sauti ya serikali:

"Mumeelewa wote?"

Ego haikutoka.

Mkono ukanyanyuka. Nikaujua kabla sijaona uso. Ni mimi niliyezisuka asubuhi zile nywele zilizoonekana chini yake.

"Apana, bwana inspekteri. Damu inavyorudi, hapo mimi sijaelewa."

Wakuu, kitambaa kilinianguka. Mwaka ule! Kwa mtu wa serikali! Nilimwona direkteri akifumba macho. Nikajisemea, nimemuua mutoto wangu na sheria za jikoni.

Inspekteri akamgeukia Leonidasi, polepole.

Na Leonidasi, kijana wa shati moja, akasema, "Murakoze, Zaituni." Akazima mashine. "Basi simameni. Ninyi ni damu."

Akawapanga. Mikoba imejaa vitabu wanakwenda, wanaacha kitabu kwa kila aliyekaa, wanarudi na mikoba mitupu. Mstari ukafika katikati ya darasa ukakwama. Wote wakasimama, hakuna anayethubutu.

Leonidasi akamsogelea. "Bwana inspekteri, samahani. Umekaa mu njia ya damu."

Sijui tulingoja kiasi gani. Kwangu ilikuwa kama kungoja mtoto atoke.

Inspekteri akainuka. Akabeba kiti chake mwenyewe, akakipeleka pembeni, akabaki amesimama anatazama watoto wanazunguka. Walipomaliza, Zaituni alirudisha somo lote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama. Yule mtu akavua miwani akaifuta.

Akamuuliza Leonidasi, "Ulisomea wapi kufundisha hivi?"

"Jikoni, bwana."

Inspekteri akadhani ni utani. Akacheka. Sisi wengine hatukucheka.

Klasi haikufungwa. Zaituni akamaliza hapo hapo Rumonge, analala nyumbani kwangu kila usiku, na akawa mwalimu wa walimu. Amefundisha mpaka ameshika kiuno kwa uzee. Binti yake sasa yuko kwenye chuo kikubwa, kazi yake ni kuwasaidia maprofesa wafundishe vizuri na watumie kompyuta. Ananiambia ina jina refu la kizungu hiyo kazi. Mimi namwambia ni kazi yetu ya nyumbani.

Sasa wewe kijana wa ule uzi, nilichojifunza ni hiki. Mwalimu naye anahitaji mtu wa kumkalia. Mtu anayempenda kiasi cha kumwambia hapa umenipoteza, na asiyemcheka akiunguza mashine. Ukimwacha peke yake na diploma yake, atazungukwa na watu wanaomwitikia tu, na watoto wataondoka na karatasi nyeupe. Semina ikiwa mbaya, itengenezeni. Msiiue.

Walimu mliomo humu, niambieni: ni nani aliwahi kuwakatiza somo kwa kweli, na mlifanya nini siku ile, mlikasirika ao mlirudi? Andikeni kwa urefu, nitasoma yote. Macho bado yako mazima, na sombe nimeirudisha motoni.