Solo Tatu za Tonton Asumani

Nakumbuka Jumapili moja mchana, katika komini ya Tshopo, sehemu moja ya mji wetu, tulipoketi uani kwa Papa Fabien kuamua kama Tonton Asumani ataendelea kupiga dramu katika kundi letu au atabaki nyumbani.

Mwanangu, leo unaniona nina studio yangu mwenyewe kwenye barabara ya Bangboka, diploma ya ufundi wa sauti imening'inia ukutani, na wanamuziki wanatoka mbali kunitafuta. Sikupewa na mtu. Nilikwenda Ulaya na begi moja, nikaosha masufuria ya watu mchana na kusoma jioni, nikamaliza mbele ya waliozaliwa kule, kisha nikarudi kwetu wakati wenzangu wakiapa kwamba hawatarudi. Nayasema haya bila aibu kwa sababu ni kweli. Lakini jambo ninalotaka kukupa leo sikulipata darasani. Nililipata pale uani, nikiwa kijana mwenye redio-kaseti ya kurekodia, pekee katika mtaa mzima.

Kundi letu lilipiga rock. Wengi walicheka, kwa sababu mji huu ulikuwa na masikio ya rumba tu, lakini Papa Fabien, mwimbaji, mpiga gitaa na mkubwa wetu, alikuwa na kichwa kigumu. Kila kiangazi tulikodi baleinière, ile mitumbwi mikubwa ya mbao yenye injini, tukapakia magitaa, spika, dramu na jenereta, tukateremka na mto hadi Yanonge, kisha Isangi. Katikati ya onyesho palikuwa na mahali ambapo sote tunanyamaza na Tonton Asumani anapiga solo yake peke yake. Tulimwita Tonton, yaani mjomba, ingawa hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba yangu, mtu wa familia ya Waislamu wa mjini, fundi viti kwa kazi, mpole, mwenye mikono kama makasia.

Mimi nilirekodi solo zake miaka mitatu mfululizo. Na kaseti hizo ndizo Papa Fabien alizoziomba siku ile, kwa sababu ziara mpya ilikuwa karibu na kijana mmoja aitwaye Dédé, mwepesi wa mikono na wa mdomo, alikuwa anaitaka nafasi.

Tukazisikiliza moja baada ya nyingine. Ya mwaka wa kwanza, ya Yanonge, ilikuwa ndefu mno, ngoma zinanguruma kama maporomoko ya Wagenia, maji yanapogonga mawe. Ya mwaka wa pili, ya Isangi, ilikuwa ya kati. Ya mwaka wa tatu, Yanonge tena, ilikuwa fupi. Mapigo machache, nafasi wazi, mapigo machache tena, kisha gitaa likaingia.

"Bon," Papa Fabien akasema, "muko munasikia wenyewe. Ule wa kwanza iko simba. Huyu wa mwisho iko nani?"

"Iko baba mukubwa ya simba," Dédé akajibu, "menyo zote zimeisha."

Watu wakacheka. Tonton Asumani mwenyewe alikuwa pale, ameketi kwenye kiti alichokitengeneza yeye, anamenya karanga. Nilimtazama nikaona anazimenya taratibu kupita kawaida, nikajua neno lile limemwingia. Mtu yule alikuwa na kazi nyingine ya kumlisha, lakini hakuwa na furaha nyingine.

Basi nikasimama. Nilikuwa mdogo kuliko wote, lakini aliyerekodi ni mimi, na hakuna pale aliyezijua kaseti zile kama mimi. Nikarudisha nyuma ile ya mwaka wa kwanza, mpaka kabla ya solo kuanza.

Tukasikia gitaa la Papa Fabien likipiga vizuri, kisha likakatika ghafla. Spika zikafa. Watu wakaanza kuzomea. Sauti ya mmoja wetu ikasikika ikililia dizeli ya jenereta, "Mazutu imeisha! Nani aliuzisha mazutu yetu?" Na hapo hapo dramu zikaanza, kwa sababu dramu peke yake hazihitaji umeme.

"Papa Fabien," nikasema, "ile solo ilikuwa ndefu kwa sababu tulikuwa tunatafuta mazutu kijiji kizima. Angenyamaza, wangetuvunjia vyombo. Mwaka jana jenereta zilikuwa mbili. Alors, mnalinganisha nini na nini?"

Dédé akaangalia chini. Papa Fabien akakuna shingo. Mimi nikaketi, kifua mbele, nikingoja Tonton anishukuru.

"Aksanti, mutoto wangu," Tonton Asumani akasema, bado anamenya. "Umenitetea muzuri. Lakini na weye haukuniuliza. Muko munanisikiliza ndani ya sanduku, na mimi niko hapa pembeni ya sanduku."

Papa Fabien, kwa mara ya kwanza mchana ule, akamgeukia. "Donc, Asumani. Weye unapenda gani?"

"Ile ya kwanza nilipiga na woga. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nyinyi mukasema iko moto. Ya Isangi nilikuwa najionyesha kidogo, shemeji zangu ya Yanonge walikuwa wamekuja pale mbele. Ile ya mwaka jana ndiyo yangu. Niliacha nafasi ili musikie gitaa inakuja."

"Lakini watu ya Yanonge wanapenda ya kwanza," Papa Fabien akasema.

"Basi uwauzishie kaseti."

Hata Dédé alicheka. Lakini Papa Fabien hakuwa mtu wa kushindwa na kicheko. Alisema ziara yote inategemea Yanonge, na wakikasirika pale, habari inafika Isangi kabla yetu. Tonton akakubali. Alisema tumpeleke hadi Yanonge tu, apige yake, na watu wakiikataa atashuka pale pale kwa ukoo wa mke wake, naye Dédé aendelee na safari.

Tukaenda hivyo, wapiga dramu wawili katika mtumbwi mmoja, na mazungumzo machache.

Alasiri ile pale Yanonge uwanja ulijaa. Magitaa yakanyamaza, Tonton akapiga yake fupi, akaacha ile nafasi wazi. Mzee mmoja mbele akapaza sauti, "Na ile ya siku ile?" Wengine wakamuunga mkono, na nikasikia miluzi ambayo haikuwa ya kusifu. Tonton hakuongeza hata pigo moja. Gitaa likaingia mahali alipoliachia, likaingia sawasawa, na kina mama waliokuwa nyuma wakaanza kucheza. Wale wa mbele walichelewa, lakini walicheza. Yule mzee hakucheza mpaka mwisho. Si kila mtu aliridhika, na sitakudanganya.

Tulipomaliza kupakia vyombo, Tonton Asumani alikuwa amesimama ufukoni na mfuko wake mkononi, akingoja kuambiwa. Dédé alikwisha kukaa mtumbwini. Papa Fabien akapanda, akahesabu spika, akafunga turubai, kisha akamtazama kana kwamba ndiye anayechelewesha safari.

"Asumani, tuko tunakungoja weye tu. Giza itatukuta ku mayi, katikati ya mto."

Tonton akapanda, akaketi kwenye ngoma yake kubwa, na injini ikawashwa.

Mwanangu, siku hizi ninyi mnaniletea simu zenu: mpiga dramu yule yule wa rock, ziara ya mwaka huu, ya mwaka ule, na mnagombana ipi ni solo bora na lini alianza kuzeeka. Linganisheni, ni raha, nami nina masikio ya kuwasaidia. Ila kwanza ulizeni mwaka ule ulimtaka nini, na jukwaani palitokea nini kabla hajainua fimbo. Na kama mtu mwenyewe yuko hai mbele yenu, awe mpiga dramu, mwalimu au baba yako, usimpime kwa mwaka wake uliokupendeza wewe. Muulize anataka kufanya nini leo, kisha umwachie nafasi akifanye.

Mungu akupe mikono yenye nguvu na miaka mingi ya kuitumia, na akuweke kati ya watu watakaokungoja upande kabla hawajawasha injini.