Salamu za Getini

Nasma wa Njinjo, kule Kilwa, alipopata kazi ya kukagua tiketi kwenye kituo kipya cha mabasi ya mwendokasi katikati ya Dar es Salaam, alimsalimu kila abiria kama kwao: shikamoo, za nyumbani, watoto hawajambo? Wazee walisimama kumjibu kwa utuo, foleni ikafika barabarani.

Msimamizi akafoka, "Dada, hapa watu wana haraka, siyo barazani kwenu!"

"Salamu siyo wizi," Nasma akanung'unika, akasusa. Kesho yake hakumsemesha mtu. Alichana tiketi tu, midomo kaifumba. Foleni ikaenda kama maji, mpaka bibi mmoja alipomfikia, akamtazama usoni, akamshika mkono.

"Pole, mwanangu. Umefiwa na nani?"