Mafundo Matatu Ndani ya Ukosi

Shangazi yangu ana ufunguo mmoja tu, lakini parokia nzima inamwita Mama Funguo. Ufunguo wenyewe ni wa sakristia, kile chumba kidogo nyuma ya altare ambamo Padre huvalia kabla ya misa. Ni wa chuma, mzito, una utepe mweusi, na Shangazi huuvaa shingoni chini ya blauzi. Ukimkumbatia kwa nguvu, unakuchoma kifuani. Ameuvaa hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Nilifika kwake siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu. Nilikuwa nimemaliza chuo, barua za kuomba kazi nimezituma, majibu hayajaja, na baba aliona heri nikakae kwa dada yake kuliko kuzunguka nyumbani nikihesabu mabati. Kesho yake Padre akanikuta uani nikifua.

"Wewe ndiye msomi tuliyeambiwa?" akauliza.

Nikasema ndimi, kwa aibu kidogo. Akanikabidhi daftari lenye jalada gumu.

"Andika kila anachofanya shangazi yako sakristia. Usiache kitu. Kazi yote ameihifadhi kichwani, na siku akiugua sitajua hata mishumaa inakaa wapi."

Shangazi alimsikia kutoka dirishani. Padre alipoondoka, akasema, "Wananiandikia wasia, nami bado nakula vizuri."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sababu niliijua Ijumaa ya kwanza, baada ya Njia ya Msalaba. Waumini walikuwa wametembea kando ya kuta picha kwa picha, vituo kumi na vinne, wakipiga magoti na kuinuka mpaka vumbi la sakafu likapanda. Katekista, mwanamume mrefu mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alinivuta kando karibu na mlango.

"Binti, nikuulize kama mtu wa nyumbani. Macho ya shangazi yako yakoje?"

"Yapo," nikajibu, kwa kuwa sikujua la kusema.

"Yapo, hilo naliona. Lakini yanafanya kazi? Juzi amenipita hapo nje kama nguzo ya umeme." Akapunguza sauti, yaani ikawa kama ya mtu wa kawaida. "Halmashauri ya parokia itakaa baada ya Pasaka. Kuna wanaotaka ufunguo apewe mtu mwenye macho mapya. Mimi sijasema kitu. Nakuambia tu."

Nilimtazama Shangazi akifunga mlango wa sakristia. Aliingiza ufunguo tunduni mara moja, bila kupapasa, akauzungusha, akaurudisha kifuani. Nikajiuliza: mtu asiyeona angeweza kufanya hivyo? Tangu siku hiyo, daftari la Padre likawa na kazi mbili. Mchana niliandika anachofanya. Jioni nilijiuliza anakifanyaje.

Na kulikuwa na mengi ya kuandika. Nilidhani sakristia ni kabati na meza, kumbe ni jiko lenye sheria zake. Vile vitambaa vidogo vinavyofutia kikombe cha misa havifuliwi ovyo: maji ya kwanza hayamwagwi kwenye mfereji, yanamwagwa ardhini, penye udongo safi. Shangazi ana kona yake nyuma ya kanisa, na hakuna kuku anayeruhusiwa kuikanyaga. Majivu ya Jumatano yanatokana na matawi yaliyobarikiwa Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita, yaliyochomwa kwenye sufuria kuukuu na kuchekechwa kwa kitambaa cha soksi. "Usipochekecha," akaniambia, "watu wanatoka na mabonge kwenye paji la uso kama wamegongwa na nazi."

Maua hayawekwi altareni wakati wa Kwaresima. Mama mmoja alileta shada kubwa katika juma la pili, limefungwa kwa utepe. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akamrudishia.

"Mwenzangu, haya yamewahi mno. Yaambie Pasaka bado."

"Jamani, Mama Funguo, si yatakauka!"

"Basi yakikauka utakuwa umefunga pamoja nayo."

Lakini kilichonishika zaidi ni kidole gumba chake. Kila alipotoa kasula, lile vazi pana la juu la Padre, aliingiza gumba ndani ya ukosi, upande wa kisogoni, akasugua pale kwa muda mfupi, kisha ndipo akaliweka mezani. Kila mara. Siku moja nikamuuliza anatafuta nini.

"Nalisalimia," akasema.

"Linajibu?"

"Kuliko wewe nikikutuma maji."

Niliandika katika daftari: *Hugusa ukosi kwa ndani. Sababu haijulikani.* Halafu nikaweka alama ya kuuliza, nikaipigia mstari.

Parokia yetu ni ndogo, na kasula ni nne tu: nyeupe ya sikukuu, nyekundu ya Matawi na ya mashahidi, kijani ya siku za kawaida, na zambarau ya Kwaresima. Hiyo ya zambarau aliishona mwenyewe, kwenye cherehani ileile aliyoshonea sare za shule za nusu ya mji kabla mgongo haujamkataza. Katika juma la nne akaniambia nizipige pasi ile ya zambarau, kijani na nyekundu.

"Kijani ya nini, Shangazi? Si tupo kwenye zambarau?"

"Kijani ipo likizo. Ukiwa likizo ndipo unaposhonwa na kunyooshwa."

Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote. Nilitaka aone kwamba chuo hakikuniharibu. Niligeuza kila vazi nje ndani, nikapasi mishono. Ndani ya ukosi wa ile ya zambarau nikakuta uzi mnene umeachwa ukining'inia, una mafundo matatu. Ndani ya kijani, kifungo kidogo kilichoshonwa pasipo na tundu. Ndani ya nyekundu, nyuzi mbili zimepishana vibaya. Nikasema moyoni, maskini, kweli macho yamemwishia, haoni hata anavyoacha nyuzi. Nikachukua mkasi. Nilikata mafundo, nikang'oa kifungo, nikafumua zile nyuzi mbili, nikapasi tena mpaka kukawa laini kama karatasi. Kisha nikazitundika kabatini kwa mpangilio niliouona mzuri, kuanzia jepesi hadi zito. Sikumwambia, kwa sababu sikutaka kumwaibisha.

Jumamosi tulifunika sanamu na misalaba kwa vitambaa, kama ifanyikavyo Kwaresima inapokaribia mwisho. Nilipanda ngazi, yeye akanipa vitambaa kutoka sanduku lao. Kanisa likabadilika, likawa kama nyumba ya watu wanaojiandaa kuhama. Shangazi alikuwa na furaha, akiimba chini kwa chini.

Dominika asubuhi nilimkuta sakristia mbele ya kabati, mlango umefunguliwa. Gumba lake lilikuwa ndani ya ukosi mmoja. Akahamia wa pili. Akarudi wa kwanza. Akahamia wa tatu. Nilifikiri anasalimia zote kwa kuwa ni Dominika. Mwishowe akashika moja, akalipima uzito mkononi, akalilaza mezani polepole, akasimama kando yake na mikono imefumbatana.

Katekista aliingia na kitabu cha masomo. Akatazama meza. Akatazama mlango wa kanisa, ambako sanamu zote zilikuwa zimevikwa zambarau.

"Mama Funguo," akasema, "Kwaresima imeisha leo alfajiri, au mimi ndiye sikuambiwa?"

Mezani palikuwa na kasula ya kijani.

Shangazi akainama. Uso wake ulikuwa umeelekea mezani, na nikaona kitu ambacho majuma matano ya kuchungulia hayakunionyesha: alikuwa analitazama lile vazi kwa bidii, kama mtu anayesoma barua yenye maandishi madogo mno, na halikumwambia chochote. Kwake kijani na zambarau zilikuwa giza lilelile. Ndipo mafundo yangu matatu yakanirudia, na kifungo, na zile nyuzi mbili zilizopishana, ambazo hazikupishana vibaya hata kidogo. Ulikuwa msalaba.

Padre akaingia akifunga saa mkononi. "Kuna nini?"

"Baba, ni mimi," nikasema. "Kulikuwa na alama ndani ya ukosi. Nilizikata. Nilidhani ni nyuzi zilizosahaulika."

"Alama za nini?"

Nilitamani nirudishe maneno mdomoni, kwa maana nilipomtetea ndipo nilipomfichua. Shangazi akanisaidia.

"Za kunionyesha rangi, Baba," akasema. "Nyeupe naiona. Hizi tatu sizitofautishi. Huu ni mwaka wa nne."

Kengele ya pili ikalia. Padre akanitazama, akaonyesha kabati kwa kidevu. Nikaileta zambarau. Akavaa haraka, akasema tu, "Tutazungumza baada ya misa," akatoka. Katekista akamfuata bila neno, na kwa mtu yule, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Misa nzima Shangazi alikaa benchi la nyuma. Ilipomalizika, hakusubiri kuulizwa. Aliuvua ufunguo pamoja na utepe wake, akauweka mezani mahali palipolala ile kijani. Padre aliuchukua. Kisha akautia mfukoni, akasema atafikiri.

Njiani kurudi nyumbani nilitembea nyuma yake. Mlangoni ndipo nikasema, "Shangazi, nisamehe."

"Ulikata vizuri?" akauliza.

"Nini?"

"Nauliza kama ulikata vizuri, au ulichana kitambaa changu."

"Nilikata vizuri."

"Haya. Weka chai."

Juma lile ufunguo ulikuwa kwa Katekista. Jumatatu alikuja kuuliza divai ya misa iko wapi. Shangazi, akichambua mchele kwa vidole, akamwambia ipo ilipo. Jumanne alirudi: vitambaa vidogo vimefuliwa, sasa vinakunjwaje?

"Mara tatu, halafu mara tatu."

"Kwa upande gani?"

"Wenye macho mapya hawauoni?"

Katekista akajikuna kisogo. "Mama, nilisema sijasema kitu."

"Nilikusikia ukisema hukusema. Sauti yako ilifika mpaka kwa jirani."

Ijumaa alikuja akinuka moshi wa ubani, shati limetoboka tundu dogo la kaa la moto. Safari hii hakuuliza kitu. Aliketi, akanywa maji, akasema kwa sauti yake ya kweli, iliyotikisa vikombe, "Pentekoste ya mwaka jana nilisoma somo la Dominika nyingine, kutoka mwanzo hadi mwisho, na macho yangu haya mawili mazima. Hakuna aliyeninyang'anya kitabu." Akaondoka kabla hatujamjibu.

Jumamosi alasiri, kesho yake ikiwa Dominika ya Matawi, Padre alikuja mwenyewe. Alikuwa amebeba kasula tatu mkononi kama mtu anayezipeleka kwa dobi. Akaziweka kitini, na juu yake ufunguo.

"Katekista amenivisha stola, huu utepe wa shingoni, nje ndani mara mbili," akasema. "Juzi nimehubiri nikinuka mafuta ya taa, na mpaka sasa hatujui yalitoka wapi."

Shangazi alibana midomo ili asicheke.

"Miaka minne hujakosea hata mara moja," Padre akaendelea. "Lakini ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeuchukua."

Padre alifikiri, na nadhani alitaka kusema hapana, lakini ni mtu mkweli. "Labda," akasema. "Sasa sikiliza. Huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, na unatibika. Baada ya Pasaka nitakupeleka kwa daktari mimi mwenyewe."

"Na nikikataa?"

"Nitaendelea kuvishwa na Katekista."

"Nitakwenda," Shangazi akasema haraka, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya ufunguo. Aliupata mara ya kwanza, bila kupapasa.

Padre alipoondoka tulikaa karibu na dirisha. Mimi nilitia uzi kwenye sindano, yeye akashona. Mafundo matatu kwa zambarau, kwa sababu katika Njia ya Msalaba Yesu anaanguka mara tatu. Kifungo kwa kijani, kwa sababu ni vazi la kazi za kila siku, na nguo ya kazi haikosi kifungo. Msalaba kwa nyekundu.

"Na nyeupe?"

"Nyeupe haina kitu. Ni ya Pasaka. Walipoingia kaburini mwa Yesu walikuta nini?"

Nilifungua daftari, nikarudi kwenye ile alama ya kuuliza iliyopigiwa mstari, nikaifuta, nikaandika yote aliyonieleza. Nikamsomea. Alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Mbona hukuandika nani alizikata?"

"Shangazi!"

"Padre alisema usiache kitu."

Nikaandika. Naye akanirushia kasula moja mapajani, akaniamuru nifumbe macho na nitie gumba ndani ya ukosi. Nilipapasa kisogoni, nikapita mshono, nikakuta nyuzi mbili zimekatizana.

"Ya kesho hiyo," nikasema.

"Basi itundike mbele," akasema. "Na safari hii usinipangie kabati."