Kengele Iliyokunja Kona

Ukipita mbele ya kibanda cha fundi viatu yule, alikisalimu kiatu chako kwanza, wewe baadaye. "Kisigino kinakulilia hicho," angekwambia bila kuinua uso. Lakini hata waliompelekea viatu miaka nenda miaka rudi hawakumwita fundi. Walimwita Mzee Kengele, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja, kila Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, yeye ndiye aliyetangulia maandamano ya Ekaristi akipiga kengele ya shaba yenye mpini wa mti. Nyuma yake walikuja watoto wa maua, kisha moshi wa ubani, kisha padri chini ya kitambaa kilichoinuliwa kwa miti minne, ameinua monstransi, kile chombo cha dhahabu chenye miale kinachobeba Hostia, mkate uliowekwa wakfu. Halafu parokia nzima.

Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mjomba wake, pamoja na sharti moja: mpiga kengele hageuki nyuma. Anayekuja nyuma yako ni Bwana, mjomba alisema, na mtumishi hamkagui bwana wake kama anakuja au haji. Wewe piga, nenda. Ukifika kwenye mlango ambako mgonjwa ametolewa nje, piga magoti, inamisha kichwa, subiri padri abariki, piga mara tatu, inuka, endelea. Fundi alilishika sharti hilo kufa na kupona. Hakugeuka hata mwaka ule mvua kubwa ilipowakuta njiani na nusu ya waumini wakajificha chini ya mabaraza. Sikio lake la kulia kengele ilishalimaliza zamani, na la kushoto lilikuwa linajikongoja.

Enzi hizo maandamano yakipita, mtaa ulisimama kweli. Muuza nyama aliweka kisu chini, mafundi walishuka kwenye ngazi, na wasio wa dini hiyo walizima redio zao, basi tu, kwa heshima ya jirani. Siku hizi watu wanainua simu, wanapiga picha, wanarudi kwenye shughuli zao. Pikipiki zinakatiza katikati ya wanaosali, na honi juu. Mwaka juzi kijana mmoja alimuuliza fundi, kwa adabu zote, kama ule ulikuwa msafara wa harusi au wa msiba.

"Bado hatujajua," fundi akamjibu, akaendelea kupiga.

Mwaka huu, mgonjwa wa kutolewa mlangoni alikuwa mke wake mwenyewe. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na dawa za maumivu, daktari akasema "mpumzisheni" huku akiangalia pembeni. Tumbo lilikuwa limevimba, mikono imekonda mpaka pete ya ndoa ikafungwa uzi isidondoke. Miaka yote mama huyo alikuwa akiweka meza ndogo mlangoni siku ya sikukuu, kitambaa cheupe na mishumaa miwili, na padri alisimama hapo hata kama hakukuwa na mgonjwa.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, "padri akija Ijumaa anakuja na kamfuko ka komunyo kifuani, dakika kumi keshaondoka. Namshukuru. Lakini inakuwa kama ananiletea magendo. Mimi namtaka Yesu aje mchana kweupe, na kengele, majirani wakiona. Nisije nikaondoka kama mtu ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye."

"Atakuja."

"Usiniambie atakuja kama unavyowaambia wenye viatu njoo kesho."

Fundi akacheka, naye akacheka, na kicheko kikamuumiza tumbo. "Nakuahidi," fundi akasema.

Wiki mbili kabla ya sikukuu, mwenyekiti wa kamati ya ibada alisimama kanisani akatangaza njia mpya. Kibali kilichotolewa ni cha barabara kuu peke yake, saa moja, basi. Na kwa mara ya kwanza gari dogo la mizigo litabeba spika na waimbaji, ili mji usikie. Fundi alimfuata paroko sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, kofia mkononi.

"Mzee wangu, kile kichochoro chenu gari halipiti," paroko akasema. Alikuwa kijana, na uso wake ulionyesha kwamba neno lile lilimuuma kulitoa. "Nitakuja mwenyewe Ijumaa, kama kawaida."

"Padri, Bwana anapita kwa miguu."

"Spika zinapita kwa gari. Na bila spika, siku hizi nani atajua kama tupo barabarani?"

Fundi alirudi nyumbani na maneno hayo. Hakumwambia mkewe. Alishona soli tatu siku ile, zote akazifumua. Ndipo wazo likamjia, na likamtuliza kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Maandamano yanafuata nini? Yanafuata kengele. Tangu enzi za mjomba hayajawahi kufuata kitu kingine. Yeye akikunja kona ya kinyozi kuingia kichochoro chao, watoto watakunja, padri atakunja, na hilo gari litajua lenyewe pa kwenda. Watamgombeza baadaye, na yeye atapokea kwa furaha.

Jumapili ile jua lilikuwa kali. Binti yao alimsogeza mlangoni mama yake, mwepesi sasa, pamoja na godoro lake, akamwegemeza kwa mito miwili, akaweka meza, akawasha mishumaa. Huko barabara kuu gari lilikaa nyuma ya fundi, hatua ishirini hivi, likinguruma na kuimba kwa sauti iliyotikisa mabati ya maduka. Fundi alitembea, mkono wake ukipanda na kushuka. Alipofika kwa kinyozi, moyo ulimdunda kama wa mwizi. Akakunja kushoto.

Hakugeuka. Spika zilikuwa zimejaza mtaa mzima, wimbo ukipiga kuta za kichochoro na kurudi, na kwa sikio lake moja bovu aliusikia uko mgongoni pake kabisa. Kinyozi alitoka mlangoni, wembe mkononi, akamtumbulia macho. Fundi akadhani ni heshima. Alipita mtaro wa maji machafu, akapita kamba za nguo, mpaka akauona mlango wake, na meza, na uso wa mkewe ukimtazama. Machozi yalimtoka hapo hapo. Akapiga magoti kando ya meza, akainamisha kichwa, akasubiri padri apite.

Alisubiri. Wimbo ulikuwa umepungua, akadhani wameshusha sauti kwa ajili ya baraka. Kisha akaisikia sauti ya mkewe, dhaifu lakini ya wazi: "Bwana wangu na Mungu wangu." Akainua macho kidogo. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake ukichora ishara ya msalaba taratibu, kama kila mwaka. Fundi akapiga kengele mara tatu.

Akainuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, akageuka. Kichochoro kilikuwa kitupu. Mwishoni kabisa alisimama kinyozi, na mteja wake pembeni, povu shavuni. Wimbo ulikuwa unatoka mbali, upande wa sokoni, ukizidi kwenda.

Aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa. "Mama watoto," akaanza.

"Nimemwona," mkewe akasema. "Sasa niingizeni ndani, jua linaniumiza."

Jumatatu mkewe alikata kauli, Alhamisi alfajiri akafa. Fundi alikaa na binti yake kwenye godoro lile, na swali lililokuwa likimtafuna likamtoka.

"Siku ile mama yako alijua?"

"Alijua tangu ulipokunja kona, baba. Nilitaka kukuita. Akanishika mkono, akaniambia, mwache, ametoka mbali."

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Watu walikuja, si haba. Mwenyekiti wa kamati ya ibada alimshika fundi mkono kwa mikono miwili, akautikisa kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, mzee. Na nikwambie, pamoja na kuuguza kote kule, mwaka huu kengele umeipiga! Tulikuwa tunaisikia mwanzo mpaka mwisho."

Kutoka kwa kinyozi hadi kanisani, kipande ambacho kengele haikukipita, ni zaidi ya nusu ya njia. Fundi aliangalia chini, akavitazama viatu vya mwenyekiti, vyeusi, vimepakwa rangi vizuri kwa ajili ya msiba, soli ya kulia imeanza kuachia. Siku nyingine angemwambia.

"Asante," akasema, akauvuta mkono wake taratibu, akarudi kusimama karibu na udongo.