Laleni Chini, Fumbeni Macho

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa nafundisha yoga Kiyovu, mtaa wa Kigali, na mimi mwenyewe sikuweza kutulia dakika tatu. Wanafunzi wangu hawakujua. Kila nilipowaambia wafumbe macho, yangu yalianza safari: saa, dirisha, lango, kisha saa tena. Vita vilikuwa kaskazini, lakini hapa mjini kila mtu alitembea kama aliyesikia jina lake likiitwa nyuma yake.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shahada yangu ya isimu, kuja kutafsiri nyaraka za ofisi. Yoga nilifundishwa na jirani Mhindi nilipokuwa chuoni, mgongo uliponisumbua. Sasa nilifundisha Jumamosi mchana, katika sebule ya mama mmoja Mbelgiji aliyetuachia zulia na paka wake. Kinyarwanda changu kiliishia kwenye salamu, na Kifaransa changu kilimchekesha hata paka. Basi nikafundisha kwa Kiswahili, tena sanifu, kwa majivuno ya mtu aliyewaletea watu zawadi.

Kati ya wanafunzi sita alikuwepo mama mmoja, mpiga chapa wa ofisini. Siku ya kwanza alinieleza shida yake kabla hata hajavua viatu.

"Mwarimu, mimi sirali. Tangu vita vianze, sirali. Daktari alinipa vidonge, vikaisha, bado niko macho."

Alinitazama kama watu wanavyomtazama fundi wa redio. Nikamwahidi usingizi. Mtu mwenye akili asingeahidi.

Wiki nne zikapita. Kunyoosha na kupinda alinishinda mimi mwalimu. Lakini tulipofika mwisho, pale pa kulala chali na kulegeza mwili, alikaa wima kama abiria anayengoja basi. Nikadhani ni ukaidi. Nikaongeza sauti, jambo ambalo hakuna kitabu cha yoga kinachoshauri.

"Mikono juu!" nilisema Jumamosi iliyofuata. "Sasa laleni chini. Fumbeni macho. Msitikisike!"

Dereva mmoja mnene wa mtaa wa Gisimenti, aliyekwisha kulala chali, akafumbua jicho moja. "Mwarimu, na kitambulisho tunatoa sasa ama baadaye?"

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikaelewa, polepole, kama kawaida ya wasomi. Yule mama hakucheka. Alikuwa amesimama, anavaa viatu.

Nilimfuata mlangoni.

"Askari walipokuja kupekua nyumba yetu," alisema, "walisema hivyo hivyo. Hapa kwetu, mwarimu, mwenye bunduki akitaka umuogope anaacha Kinyarwanda, anashika Kiswahili."

Kumbe kwa mwezi mzima nilikuwa bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, ila yenye zulia.

"Mama," nikauliza, "nyumbani mtoto mnamwambia nini mkimlaza?"

Akafikiri. "Ryama. Buhoro buhoro. Ndiyo kusema lala, polepole."

"Lyama."

"Ryama, mwarimu! Huo ulimi umeuvunja wapi?"

Akavua kiatu kimoja. Nikangoja, kazi ngumu kwangu. Akavua na cha pili.

Tuliporudi ndani nikasema yale maneno yake tu, kwa sauti ya chini, nikayakosea. Dereva akajiziba mdomo. Mama akalala ubavu, si chali, uso ukielekea mlango, macho wazi. Lilikuwa kosa kabisa kwa kanuni za yoga, na niliuma midomo nisimrekebishe. Kope zikashuka, zikapanda, zikashuka. Kisha akakoroma.

Muda wa darasa ukaisha. Wenzake wakatoka wakinyata, viatu mkononi. Mimi nikabaki kando ya mlango, mara mguu huu, mara ule, pua ikiniwasha, nikiogopa kupiga chafya. Lori likapita nje likinguruma. Akageuka, akajifunika pembe ya zulia, akaendelea. Nilikuwa na miadi saa kumi. Sikwenda.