Macho Yote kwa Mpimaji

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni katika duka la nafaka pale Mkuyuni. Anayepima mchele ni kaka mmoja aliyetoka gerezani mwaka huu, na mama mwenye duka hamfichi mtu jambo hilo. Dada aliyekuwa mbele yangu, mwenye mtoto mgongoni, hakubandua macho kwenye mikono ya kaka yule.

“Mama, huyu kanipunja,” akasema kwa sauti. “Ukiendelea naye, wateja tutahama.”

Kaka akaweka chini kikombe cha kuchotea, akamtazama bosi wake.

Mama akauchukua mfuko, akaupima upya mbele yetu sote. Mshale ukapita kilo mbili alizoagiza dada.

“Umezidi, mwanangu. Nipunguze?”

Dada akaubana mfuko kwapani. “Basi, uache hivyo hivyo.”

“Nilimwongezea kidogo kwa ajili ya mtoto,” kaka akasema taratibu.

Mama akamrudishia kikombe. “Haya, mpimie anayefuata.”

Tunasema waliofungwa wapewe kazi, kisha tunawachunga kwa macho. Mchele usiolipiwa ulipita mlangoni kwapani mwa dada, na sisi tukageuka tena kuitazama mikono ya kaka.