Kanda Iliyonisemesha Kwenye Moto

Ulikuwa mwaka ule tulipokwisha kuusahau unga wa njano wa miaka ya njaa, tukala wali wa mchele wa Ndungu hata Jumatano, siku isiyo na mgeni wala msiba. Mjini Same akatokea mtu wa kupiga video za harusi, na mjukuu wangu wa kike akapata kazi kwake. Ana akili huyo mtoto. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu, ingawa ni wangu.

Siku moja akapanda mlimani na kamera begani, anipige video nikifinyanga vyungu.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukuhoji, wewe ni msanii."

"Marahaba. Mimi ni mfinyanzi. Haya, hoji."

Siku ya kwanza tulikaa uani, akauliza, nikasema mpaka koo likakauka. Siku ya pili nikachoma vyungu, na hapo nikafunga mdomo. Kwetu, vyungu vikiwa motoni mfinyanzi hatoi neno. Anayesema anavipasua, na wenzake hawachomi naye tena. Mtoto wa mjini, sikumweleza. Aliuliza maswali yake, nikawa namtazama tu. Akadhani nimechoka.

Baadaye nikateremka Same kuiona kanda. Alikuwa ameiunga kwa deki mbili za video za tajiri wake, siku nne nzima, macho mekundu kama mpika pombe. Kesho yake wafinyanzi wenzangu walikuwa waioneshwe huko juu. Nikajiona kwenye televisheni, mnene, mzuri. Mara moto ukawaka, vyungu vimo ndani, na mimi huyo nasema, nasema, kama redio.

"Nani huyo anasema?"

"Wewe, bibi. Ile sauti ya uani, nimeiweka juu ya moto."

"Irudishe uani."

"Moto bila maneno watu watasinzia, bibi."

"Wasinzie."

Nikamweleza mwiko. Akashika kichwa.

"Deki zinakwenda harusini jioni hii, siwezi kurekebisha tena. Na mdomo wako hauonekani. Nani atajua?"

"Wenzangu wanaijua sauti yangu, nimechoma nao tangu mama yako hajazaliwa. Kanda hii haipandi mlimani."

"Bibi, ni kazi yangu ya kwanza peke yangu."

Ilikuwa kazi nzuri kweli, nami nilimwonea huruma. Nikamfuta machozi kwa pindo la kanga.

"Kanda hii haipandi mlimani."